JOTO LA MOSHI WA DIZELI
Somo kwa wenye malori, madereva na mafundi wa Busia na Malaba

Mtu akisimama kando ya barabara pale Malaba au Busia, upande wa Kenya, huona msururu wa malori yanayongoja zamu ya kuvuka mpaka kuingia Uganda. Mengine yametoka Mombasa, safari ipitayo kilomita 900. Mengine yamepakia mafuta Eldoret au Kisumu, ambako bomba kuu la mafuta litokalo pwani lilifikishwa mwaka 1994. Mengine yanatoka Uganda yakiwa na mahindi ya kuuzwa katika miji ya Kenya. Mizigo yao ni mbalimbali, lakini karibu yote yana jambo moja la shirika: yanaendeshwa na injini za dizeli.

Kila mwenye lori hupenda gari lake liwe na nguvu. Gari lichokalo mlimani hupitwa na mengine, na likifika mpakani hukuta foleni imekuwa ndefu. Kwa hiyo wengi huwaendea mafundi wawaongezee nguvu. Fundi aweza kukaza skrubu ya pampu ili dizeli nyingi zaidi iingie. Aweza pia kufunga turbo katika injini ambayo haikutoka nayo kiwandani, kama ifanywavyo mara nyingi kwa injini ya Toyota Land Cruiser iitwayo 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2. Kazi hizi zaweza kufanywa vizuri, na zaweza kuangamiza injini. Linalotenga njia hizi mbili ni kujua joto la moshi.

Mfano wa mtu mmoja

Tuseme yuko mtu wa Busia aliyenunua lori kuukuu kwa akiba yake na kwa mkopo wa chama cha ushirika. Hubeba mahindi kwenda Nakuru kwa njia ya Kisumu na Kericho. Anamwendea fundi mmoja mzee.

“Mzee,” asema, “nikazie pampu kidogo. Nikifika milima ya Kericho gari halipandi.”

“Mwanangu,” ajibu fundi, “kukaza ni kazi ya dakika chache. Lakini utajuaje kama nimekaza mno?”

“Nitatazama geji ya maji.”

“Geji ya maji ni kama mbiu ipigwayo baada ya nyumba kuungua. Leta kwanza kipimo cha joto la moshi, kisha tutakaza.”

Yule bwana aona kwamba mzee anamkawiza, aenda kwa fundi mwingine, na kazi yamalizika kabla ya chakula cha mchana. Safari ya kwanza lori lapanda kwa fahari, likitoa moshi mweusi nyuma. Safari ya pili hali ni hiyo hiyo. Safari ya tatu, usiku, karibu na Mau Summit, injini yaanza kugonga, nguvu zatoweka, na moshi watoka hata mahali pa kutilia oili. Fundi afunguapo injini akuta pistoni moja imeyeyuka ukingoni na nyingine ina ufa. Muda wote huo mshale wa geji ya maji haukuondoka mahali pake pa kila siku. Mahindi yamelala njiani, mnunuzi ametafuta mwingine, na mkopo wangoja kulipwa mwisho wa mwezi.

Msomaji atauliza: Imekuwaje injini iyeyuke na maji yake yasichemke? Jibu la swali hilo ndilo somo letu.

Jinsi dizeli inavyowaka

Injini ya dizeli ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake iliyofanikiwa ilionyeshwa kazi yake mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Haina plagi za kuwasha moto kama injini ya petroli. Hewa huingia katika silinda, hushindiliwa na pistoni mpaka ikapata joto la zaidi ya digrii 500 za Selsiasi, kisha dizeli hupulizwa ndani na nozo, ikawaka yenyewe.

Dereva akanyagapo mafuta katika gari la dizeli, haongezi hewa. Aongeza dizeli tu. Hewa huingia kadiri injini iwezavyo kuivuta. Ili kilo moja ya dizeli iungue yote, yahitaji hewa ya kilo 14 na nusu hivi. Mtengenezaji wa injini huiachia hewa nyingi kuliko hiyo, na hewa inayosalia husaidia kupoza. Basi, ukizidisha dizeli bila kuzidisha hewa, moto huwa mkali zaidi, na hewa ya kupoza hupungua. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha hugeuka masizi, na hayo ndiyo moshi mweusi tuuonao.

Hapa mafundi waliojifunza kwa injini za petroli hukosea. Katika petroli, kupunguza mafuta kwaweza kuongeza joto la moshi. Katika dizeli ni kinyume: mafuta machache huleta joto dogo, na mafuta mengi huleta joto kubwa.

Pistoni nyingi hutengenezwa kwa aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine. Aluminiamu tupu huyeyuka kwa digrii 660, na mchanganyiko wa pistoni huyeyuka chini ya hapo. Moto ndani ya silinda hufika karibu digrii 2,000 kwa nukta moja. Pistoni haiyeyuki kwa sababu moto huo hudumu kitambo kidogo sana, kisha huja hewa mpya yenye ubaridi, na chini yake hupozwa na oili. Ni kama mtu apitishaye kidole juu ya mwali wa mshumaa: akipitisha upesi haungui, akikawia huungua. Dizeli inapozidi, moto huendelea kuwaka kwa muda mrefu zaidi wakati pistoni inaposhuka, na nafasi ya kupoa hupungua.

Maji ya rejeta hayawezi kutangaza hatari hii kwa wakati. Ni mengi, hupata joto polepole, na yako mbali na uso wa pistoni. Moshi hutoka mahali penyewe palipo na moto, na joto lake hubadilika katika muda wa sekunde chache tu. Kwa hiyo apimaye moshi apima moto wenyewe.

Kipimo chenyewe

Mwaka 1821 mtaalamu Thomas Johann Seebeck aligundua kwamba nyaya za metali mbili mbalimbali zikiunganishwa, na kiungo kikatiwa joto, umeme mdogo hutokea. Joto likizidi, umeme nao huzidi. Kipimo cha joto la moshi hutumia kanuni hiyo. Kina sindano ya chuma iingiayo katika bomba la moshi, ambayo ndani yake mna nyaya hizo mbili. Kina waya wa kupeleka umeme. Na kina geji ya kusomea, iliyofungwa mbele ya dereva. Chombo hiki si ghali kikilinganishwa na gharama ya kufungua injini na kununua pistoni mpya.

Mahali pa kuweka sindano pana maana kubwa. Katika gari lenye turbo, mahali bora ni kwenye bomba la kwanza, lile lililofungwa kwenye kichwa cha injini, pale mikono yake inapokutana kabla ya moshi kuingia katika turbo. Ncha ya sindano iwe katikati ya njia ya moshi, isiguse ukuta wa chuma. Wengine huiweka baada ya turbo kwa hofu kwamba ikikatika itaingia katika gurudumu la turbo. Hofu hiyo ina sababu, lakini moshi upitapo katika turbo hupoteza joto, mara nyingi digrii 100 hadi 200, na upungufu huo haulingani siku zote. Basi asomaye baada ya turbo huona mapungufu ya hatari, asione hatari yenyewe. Ni afadhali kununua sindano imara na kuikagua kila gari lipatapo matengenezo.

Fundi atoboapo bomba, alifungue kwanza kutoka katika injini. Chembe za chuma zikibaki ndani zitaingia katika turbo, ambayo gurudumu lake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Chembe moja yatosha kulivunja. Kupaka grisi kwenye keekee na kutumia sumaku husaidia, lakini hakushindi kulifungua bomba na kulisafisha vyema.

Kusoma geji

Kila injini ina kiasi chake, na kitabu cha mtengenezaji, kikiwapo, ndicho cha kufuatwa. Hata hivyo, kwa injini nyingi za dizeli, kipimo kikiwa kabla ya turbo, maelezo haya yafaa kuongoza:

Gari likisimama na injini ikinguruma polepole, geji huonyesha digrii 100 hadi 200.

Likienda mwendo wa kawaida katika nchi tambarare, kama baina ya Bumala na Busia, huonyesha digrii 300 hadi 450.

Likipanda mlima na mzigo, digrii 550 hadi 650 si jambo la kushangaza.

Likifika 700, dereva apunguze mafuta mara moja.

Likipita 750 na kubaki hapo, injini inaharibika. Bomba la moshi laweza kupasuka, valvu kuungua, gurudumu la turbo kudhoofika, na mwisho pistoni kuyeyuka.

Joto likizidi mlimani, dereva asizime injini, wala asiendelee kukanyaga akitumaini kilele ki karibu. Ainue mguu kidogo, kisha ashushe gea. Injini ikizunguka upesi zaidi huvuta hewa zaidi, na kila mzunguko huhitaji dizeli kidogo zaidi kwa kazi ile ile. Mwendo utapungua kidogo, lakini mshale utarudi nyuma katika muda mfupi.

Mlima na hewa

Madereva wa Busia na Malaba wana jambo jingine la kukumbuka. Miji hii miwili iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Lakini njia ya kwenda Nairobi kwa Eldoret hupanda mpaka Timboroa, palipo zaidi ya mita 2,700. Pale juu kila ujazo wa hewa umepungukiwa na uzito kwa kiasi cha robo kuliko hewa ya Mombasa. Pampu ya zamani haijui kwamba iko mlimani. Hupeleka dizeli ile ile, na hewa haitoshi. Kwa hiyo gari lililokazwa na kujaribiwa barabarani Malaba laweza kuwa salama nyumbani na kuungua Timboroa. Anayepima nguvu mpya na aache nafasi ya mlima.

Turbo husaidia katika jambo hili, kwa kuwa hutumia nguvu ya moshi kushindilia hewa ndani ya injini. Alfred Büchi wa Uswisi alipata hati ya ubunifu huo mwaka 1905. (Msomaji asichanganye chombo hiki na mji wa Turbo, ulio katika barabara ya Webuye na Eldoret.) Lakini hewa ikishindiliwa hupata joto, na ndiyo maana malori mengi huwa na kipoza hewa mbele ya rejeta. Afungaye turbo bila kipoza hewa, tena akaze pampu, amefanya nusu ya kazi.

Utaratibu wa kuongeza nguvu

Anayetaka kuongeza nguvu afuate hatua hizi, wala asiruke hata moja.

Kwanza, afunge kipimo kabla ya kugusa pampu.

Pili, ahakikishe injini ni nzima: chujio la hewa ni safi, mipira ya hewa haivuji, nozo hazidondoshi mafuta, na pampu imepangwa kwa wakati wake. Dizeli ikipulizwa kwa kuchelewa huwaka wakati moshi unapotoka, na joto hupanda.

Tatu, aendeshe gari kama lilivyo, na mzigo wake wa kawaida, katika mlima mmoja aujuao, na aandike katika daftari joto kubwa aliloliona. Bila hesabu hii ya kwanza, hesabu nyingine zote hazina maana.

Nne, akaze skrubu kidogo tu, si zaidi ya sehemu ndogo ya mzunguko mmoja, kisha arudie mlima ule ule, kwa mzigo ule ule, na aandike tena.

Tano, asimame kabla ya kufika 700, na akumbuke nafasi ya kuachia Timboroa au Mau Summit.

Afanyapo hivyo, huenda akaona kwamba gari lilikosa nguvu kwa sababu ya chujio lililoziba, na kwamba pampu haikuwa na haja ya kuguswa. Daftari hilo liendelee kutunzwa. Mlima ule ule ukionyesha joto kubwa kuliko mwezi uliopita, kuna mpira unaovuja, au nozo imeharibika. Gari likikosa nguvu nalo joto ni dogo, huenda chujio la dizeli limeziba. Hata hivyo kipimo hiki si mganga wa kila ugonjwa. Sindano moja husoma mchanganyiko wa moshi wa silinda zote. Silinda moja ikiwa mbovu yaweza kujificha miongoni mwa wenzake. Kwa hiyo masikio ya dereva na macho ya fundi yangali yanahitajika.

Tena, nguvu mpya si ruhusa ya kuzidisha mzigo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kikomo cha kila ekseli, na mizani ya Webuye na Busia haiulizi nguvu ya injini.

Kufika mpakani

Neno la mwisho ni kwa dereva afikaye katika foleni. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilifunguliwa rasmi mwezi wa Februari, 2018, ili gari likaguliwe upande mmoja tu badala ya pande mbili. Walakini foleni bado hutokea, na kila dereva hukimbilia kupata nafasi. Hufika kwa kasi, husimama, na papo hapo huzima injini. Hapo turbo ingali na moto mkali na gurudumu lake lingali likizunguka, na oili iliyokuwa ikiipoza imekatika ghafula. Oili iliyobaki ndani huungua ikawa makaa, na makaa hayo hula beringi za turbo safari baada ya safari.

Dereva mwenye geji aingoje ishuke mpaka karibu digrii 150 ndipo azime. Mara nyingi ni dakika mbili hadi tano tu. Asiye na geji na ahesabu dakika hizo kwa saa yake. Lakini foleni ikiwa ya saa nzima, asiiache injini ikinguruma bure. Akishaipoza, aizime, maana injini ingurumayo kwa muda mrefu katika ubaridi hula dizeli na kujaza masizi.

Turudi kwa yule bwana wa mfano wetu. Fundi mzee hakumnyima nguvu. Alimtaka ajue kiasi chake. Kama angalisikia, angaliona mshale ukipita 700 katika mlima wa kwanza wa Kericho, angaliinua mguu, na siku ya pili skrubu ingalirudishwa nyuma kidogo. Lori lingalifika Nakuru nusu saa baadaye kuliko alivyotaka, mahindi yangaliuzwa, na mkopo ungalilipwa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Katika milima ya Kericho na Timboroa, geji huonyesha neno hilo kwa hesabu.